Usimnyoe German Shepherd wako kisa joto

Joto likianza tu Dar watu wanakimbiza German Shepherd na Husky wao wakanyolewe kipara, eti wapate hewa. Jamani hapana. Hawa mbwa wana manyoya ya tabaka mbili, ya chini laini kama pamba, ya juu marefu na magumu kidogo, na hayo ya juu ndo yanamkinga na jua. Halafu mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, anapoa zaidi kwa kuhema ulimi nje, sasa ukimnyoa unakuwa umemsaidia nini? Ngozi inaungua, na wengine manyoya yanarudi mabakamabaka au yanachukua hata mwaka.

Kinachomuongezea joto ni yale ya chini yaliyokufa yakabaki yamejazana humo ndani. Muogeshe, mkaushe na draya ya upepo wa baridi mpaka kwenye ngozi kabisa, kisha pitisha kitana chenye meno marefu, mapajani na nyuma ya masikio ndo kwenye kazi, yatatoka hadi ushangae. Poodle ni habari nyingine, nywele zake zinakua tu hazikomi, huyo anapunguzwa kila wiki 4 hadi 6. Na mbwa yeyote manyoya yakishikana mpaka yanavuta ngozi, hapo nyoa tu, ukilazimisha kuchana utamuumiza bure.