Anayesuta na Anayesutwa: Maswali ya Washauri Nasaha Kuhusu Tiba ya Sehemu za Nafsi

Tiba hii ni nini hasa?

Ni kumsaidia mtu azungumze na pande zinazovutana ndani yake, badala ya kumshurutisha auzime mmoja wapo. Sisi husema "nafsi inanisuta". Anayesuta ni nani, na anayesutwa ni nani? Hapo ndipo kazi inapoanzia.

Mtindo unaofahamika zaidi ulianzishwa na Richard Schwartz, mtaalamu wa tiba ya familia wa Marekani, miaka ya 1980. Wateja wake wenye matatizo ya ulaji walimweleza jinsi sauti zilivyobishana ndani yao, naye akazisikiliza kama anavyosikiliza familia yenye ugomvi. Kabla yake, Fritz Perls, mmoja wa waanzilishi wa tiba ya Gestalt (tiba inayomrudisha mtu kwenye anachokihisi sasa hivi), alikuwa akitumia kiti kitupu: mteja huzungumza na upande wake mwingine, kisha huhamia kiti hicho na kujijibu.

Je, si ule ugonjwa wa mtu kuwa na nafsi nyingi?

Sivyo. Kuvutwa huku na huku ni jambo la kila mtu. Katika ugonjwa ule, mtu hupatwa na mapengo ya kumbukumbu, na utambulisho wake hukatika vipande. Ukiona dalili hizo, tafuta mtaalamu aliyebobea.

Nianzeje bila kumshtua mteja?

Usimpe somo. Ngoja lugha yake ikufungulie mlango. Tuseme mteja anakwambia: "Nataka kuacha pombe, ila jioni ikifika mkono unakwenda wenyewe." Muulize taratibu: "Huo mkono ungekuwa na sauti, ungesema unahofia nini?" Huenda akanyamaza, akaangalia vidole vyake, kisha akasema: "Unahofia nikikaa bila kunywa nitaanza kukumbuka." Tayari mmeanza, na hakuna msamiati mgeni uliotajwa.

Upande unaozuia mabadiliko niufanyeje?

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, na naomba tutulie hapo. Upande unaokunywa, unaosahau miadi, unaocheka machozi yanapokaribia, huo ni mlinzi. Ulishika zamu siku mtu alipokuwa hana kinga nyingine. Ukiusukuma, utakaza zaidi, na ni haki yake. Uombe ruhusa. Ukikataa, ulizia sababu, wala usiupite kwa mlango wa nyuma kuyafikia maumivu unayoyalinda.

Swali moja husaidia sana: "Unauonaje upande huo sasa hivi?" Akijibu "Nauchukia," jua kwamba anayesema ni upande mwingine tena. Huo nao uombwe usogee kidogo, hadi mteja aweze kumtazama mlinzi wake kwa utulivu, hata kwa huruma.

Nani asianzishiwe mara moja?

Mtu anayesikia sauti zisizokuwepo au aliyepotewa na uhalisia, anayefikiria kujiua, au anayeishi na mtu anayemdhuru. Usalama wake kwanza. Tena, usimpendekezee mteja kumbukumbu: usiseme "huyu mtoto aliye ndani yako alifanyiwa nini?" kabla yeye hajataja lolote. Ushahidi wa utafiti kwa mtindo wa Schwartz bado ni mdogo ukilinganisha na ule wa tiba ya fikra na tabia (CBT), inayomsaidia mtu kubadili mawazo na mazoea yanayomsumbua, na mteja ana haki ya kuambiwa hivyo.

Na mimi mshauri?

Nawe una pande zako, hasa ule unaotaka mteja apone leo. Ukiusikia unakuharakisha katikati ya kikao, shusha pumzi, rudi kwa mlinzi wa mteja, umuulize tena kama yuko tayari.