Dola ni nini, na kwa nini haidumu

Neno dola tumelitoa kwenye Kiarabu, na huko asili yake ni zamu: kitu kinachopokezanwa, leo kiko kwako, kesho kwa mwenzako. Himaya nayo ni ndugu wa kuhami. Dola kubwa basi ni kitovu kimoja kinachowahami na kuwatoza watu wengi wa asili mbalimbali, mpaka zamu yake iishe.

Sisi wa Dodoma tuna mfano wa jirani, na inaniuma kuona vijana wanaijua Roma lakini hawaujui huo.

Karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu kutoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa, ikakata pori kame la Marenga Mkali, ikaingia Ugogo wapagazi wakiwa hoi kwa kiu. Kisima kina mwenyewe, naye ni mtemi. Maji hayachotwi mpaka hongo ilipwe: mikono ya vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, waya. Mabishano yangeweza kuchukua siku kadhaa huku chakula kikipungua mizigoni. Leo hongo ni rushwa, ila wakati ule ilikuwa ushuru wa njia na maji, na uliolipwa mchana kweupe. Hata hivyo kila mtemi wa Ugogo alitoza kwake. Hiyo haikuwa dola bado.

Aliyeunganisha alikuwa Mirambo, kule Unyamwezi. Alianza na utemi mdogo wa Uyowa. Akakusanya vijana ambao vita na biashara ya watumwa vilikuwa vimewang'oa makwao, akawafanya rugaruga, yaani askari wake, akawapa bunduki na mgawo wa nyara. Mwaka 1871 akapigana na Waarabu wa Tabora na kuiziba njia ya Ujiji. Hapo ndipo dola inapopanda: pembe zinaleta baruti, baruti inalisha jeshi, jeshi linashika njia, njia inaleta pembe nyingi zaidi.

Lakini mzunguko huohuo ndio mtego wake. Kila nchi mpya inataka walinzi, na walinzi wanataka mgawo, kwa hiyo lazima itekwe nchi nyingine. Tena wale rugaruga walimtii Mirambo mwenyewe, si kiti chake. Alipofariki tarehe 2 Desemba 1884, watemi aliowashinda walianza kujitoa mmoja mmoja, na Wajerumani walipofika Tabora miaka michache baadaye hawakumkuta mwingine wa kimo chake.

Roma iliugua ugonjwa huohuo kwa muda mrefu zaidi. Mipaka ilikuwa mirefu, na majeshi yalitaka mishahara. Watawala wakawa wanapunguza madini ya fedha kwenye sarafu hadi, katika karne ya 3, ikabaki kama shaba iliyopakwa fedha tu. Bei zikapaa. Mfalme wa mwisho wa upande wa magharibi aliondolewa mwaka 476.

Ibn Khaldun, mwanahistoria aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, aliangalia zaidi mioyo ya watu. Waanzilishi wamelala njaa pamoja, ndiyo maana wanashikamana. Wajukuu wanazaliwa ndani ya kasri na kuwakodi wengine wawapiganie. Akakadiria umri wa ukoo wa kifalme kuwa vizazi vitatu vya miaka 40. Kuhusu mshikamano naona alipatia kabisa. Hesabu yake tusiifanye sheria, maana Waturuki wa Uthmania walitawala zaidi ya miaka 600.

Na si lazima dola ioze kwanza. Nyingine huvunjwa na dola zenzake. Wajerumani waliijenga reli kutoka Dar es Salaam, ikapita hapa Dodoma na kufika Kigoma mwaka 1914. Mwaka huohuo vita kuu ikaanza. Septemba 1916 Tabora, iliyo kwenye reli hiyo, ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji. Wale waliotandika mataruma yale hawakuitumia njia nzima hata miaka mitatu.