Kabla Hujathibitisha Nafasi ya Kusoma Isimu

Kila msimu wa udahili malalamiko yaleyale hurudi mezani kwetu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, wiki ya nne tu, anataka kuhama programu kwa sababu "hatufundishwi lugha". Safari hii yamezidi, ndiyo maana tumeona tuwaeleze waombaji mapema.

Shahada ya isimu haikufundishi kuzungumza lugha kumi. Anayetaka Kifaransa akasome Kifaransa. Programu yake ipo, na ni nzuri. Wala isimu si kozi ya kuwasahihisha watu sarufi. Hili tumelieleza kwenye vipeperushi, tumelieleza kwa wazazi kwenye simu, na bado tunaulizwa. Mwanaisimu anachunguza kwa nini watu husema wasemavyo.

Chukua ulimi, ubao na ukuta. Wingi wake ni ndimi, mbao na kuta. Kiambishi cha wingi ni kilekile kimoja, nazali, yaani sauti ya puani kama n au m. Ilipokutana na l, l ikageuka d. Ilipokutana na b, yenyewe ikawa m. Ilipokutana na k, ikatoweka. Mtoto anayekua na Kiswahili huifuata kanuni hii kabla hajajua kusoma. Katika fonolojia, somo la mfumo wa sauti za lugha, utapewa maneno ya namna hiyo, mara nyingi ya lugha usiyoijua hata salamu yake, utafute kanuni na uitetee. Ukijibu "ndivyo ilivyo" hupati alama. Kama zoezi hilo limekufanya urudie kuisoma mifano, njoo, tunakuhitaji.

Mwaka wa kwanza fonetiki, somo la namna sauti zinavyotamkwa na kusikika, ndiyo huwaelemea wengi. Alfabeti ya Kifonetiki ya Kimataifa, inayosimamiwa na chama kilichoanzishwa Paris mwaka 1886, lazima uijue kwa sikio na kwa mkono, maana unukuzi, yaani kuandika matamshi kwa alama za alfabeti hiyo, hufanywa kwa kusikiliza. Barabara ya kupita magari na barabara ya "sawasawa" huandikwa vilevile. Zinatofautishwa na mkazo, nawe unatakiwa uuweke panapostahili. Mofolojia (maumbo ya maneno), sintaksia (muundo wa sentensi), semantiki (maana) na isimujamii (lugha katika jamii) hatutazieleza zaidi hapa.

Kuhusu ajira, hatuwezi kumwahidi mtu. Wahitimu huingia kwenye ualimu, utungaji wa kamusi, uhariri na teknolojia ya lugha. Ila shahada ya kwanza ya isimu pekee haikufanyi mtaalamu wa tiba ya usemi. Taaluma hiyo ina mafunzo yake, na mahali pengi ina usajili wake.

Sasa tasnifu, ambako ndiko wanafunzi wengi hukwama. Utaratibu ni huu. Pendekezo lisainiwe kwanza na msimamizi, kisha liende kamati ya maadili ya utafiti. Usimrekodi mtu yeyote kabla kibali cha maandishi hakijatoka. Kuambiwa na msimamizi kwamba "kitatoka tu" si kibali. Fomu ya ridhaa imweleze mshiriki kusudi la utafiti, muda atakaotumia, nani atasikiliza sauti yake, na kwamba anaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Asiyejua kusoma asomewe kwa lugha anayoielewa, na ridhaa yake irekodiwe. Mtoto huhitaji saini ya mzazi au mlezi, na yeye mwenyewe akubali. Majina yabadilishwe kuwa namba, na orodha inayounganisha majina na namba itunzwe mbali na sauti, chini ya nywila.

Kibali hakitolewi kwa kazi iliyokwisha kufanyika. Data iliyokusanywa bila kibali haitumiki, hata iwe nzuri namna gani. Anayetunga sentensi chumbani kwake akadai zimesemwa na wazungumzaji amefanya udanganyifu wa kitaaluma, na kwa kanuni za chuo adhabu yake huanzia kufutiwa alama hadi kufukuzwa.

Tunayasema haya kwa uchungu. Mwanafunzi mmoja alituletea saa mbili za masimulizi ya bibi yake, lugha ya ndani kabisa, akidhani kwa ndugu fomu haihitajiki. Tulizikataa. Kibali kilipotoka akarudi kumrekodi upya, na bibi aliridhia bila kusita. Lakini masimulizi ya mara ya pili yalikuwa ya dakika ishirini, na maneno kadhaa tuliyoyasikia mara ya kwanza hakuyatamka tena.