Tiketi ya Alhambra haikatwi mlangoni

Wiki hii peke yake nimeambiwa mara tatu: "Usijali, tiketi tutakata tukifika." Wanaosema hivyo wanakwenda Granada, Hispania. Wameshalipia viza, ndege na hoteli, wakaacha kitu kimoja tu: kile wanachokiendea, yaani Alhambra, ngome ya kale yenye makasri.

Jamani, hapo hamuendi makumbusho ya mtaani. Kasri za Wanasri, ukoo wa masultani wa zamani wa Granada, zenye ule Ua wa Simba, huingiwa kwa zamu za nusu saa, na kila zamu ina idadi yake ya watu. Tiketi ina jina lako na pasipoti utaulizwa. Nafasi ikibaki utauziwa siku hiyohiyo, lakini msimu wa watalii ukipamba moto haibaki. Utaishia kwenye jumba la mfalme Carlos wa Tano, lililo humohumo Alhambra, ambalo ua wake mtu yeyote anaingia bure.

Wakishaogopa, wanakimbilia mtandaoni na kunasa tiketi ya kwanza yenye bei nafuu. Mara nyingi hiyo ni ya bustani: utapata bustani za Generalife na ngome ya Alcazaba, Kasri za Wanasri hazimo. Soma kabla ya kulipa!

Halafu saa. Ile iliyoandikwa ni ya kuingia kasri, si ya kufika lango kuu, na kutoka lango lililo upande wa Generalife hadi mlango wa kasri ni mwendo wa robo saa hivi. Mteja wangu mmoja nilimwandikia "saa nne", yaani 10:00. Kijana wake, aliyezaliwa Ulaya, akaweka kengele ya simu 16:00. Wakafika familia nzima, wamependeza, mama na mtandio mpya wa picha. Mlinzi akaitazama tiketi, akamtazama mama, akatikisa kichwa. Tangu siku hiyo naandika tarakimu tu, na ninyi fanyeni hivyo.

Kuna wanaoniuliza kama watasali humo, wakidhani Alhambra ni msikiti. Mnachanganya na ule wa Córdoba, ambao siku hizi ni kanisa kuu. Alhambra ni ngome na makasri ya masultani Wanasri, ukoo ulioishika Granada kuanzia 1238 mpaka ilipokabidhiwa kwa Isabel na Fernando, watawala Wakristo wa Hispania, tarehe 2 Januari 1492. Ila aliyepita madrasa atafaidi: ukutani kumeandikwa "Wala ghaliba illa Llah", hakuna mshindi ila Mungu, tena na tena mpaka unachoka kuhesabu. Wenzako wanasikiliza maelezo ya kukodi masikioni, wewe unasoma mwenyewe.

"Hispania ni joto." Julai, naam, mchana utatafuta kivuli. Lakini mji uko kama mita 700 juu ya usawa wa bahari, na nyuma yake imesimama Sierra Nevada, ambako kilele cha Mulhacén kinafika mita 3,479. Januari beba koti la maana, si sweta la Lushoto.

Na tapas si za walevi peke yao. Granada ukiagiza kinywaji, hata soda, kwenye baa nyingi unaletewa kisahani cha chakula bila malipo. Usiyekula nguruwe tamka mapema "sin cerdo", bila nguruwe, kisha uulize hata kuhusu maharage, maana habas con jamón, maharage yenye nyama ya nguruwe, ni chakula cha hapohapo.