Bizimu la Mjerumani: Tazama Taji na Tai Kabla Hujanunua

Siku hizi tunaletewa mabizimu ya mikanda ya askari wa Kijerumani kwa wingi, na karibu kila anayeleta husema limeokotwa penye mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, na wengine huamini linaonyesha Wajerumani walipofukia dhahabu. Tunaamini wengi wanasema kwa nia njema. Lakini chuma chenyewe nacho kina maelezo yake.

Anza na alama ya katikati. Bizimu la Prussia, mojawapo ya falme za Ujerumani ya wakati huo, la Vita Kuu ya Kwanza lina taji na maneno GOTT MIT UNS, yaani Mungu yu pamoja nasi. Bavaria waliandika IN TREUE FEST, Sachsen PROVIDENTIAE MEMOR, kila ufalme na taji lake. Ya kabla ya vita mara nyingi ni shaba ya manjano yenye duara jeupe lililobandikwa. Kuanzia 1915 yakaja ya chuma, yamepakwa rangi ya kijivu. Sumaku itakuonyesha tofauti.

Tai mwenye swastika, alama ya Wanazi wa Hitler, ni habari nyingine. Bizimu hilo la jeshi la nchi kavu lilianza 1936, na maneno ni yaleyale GOTT MIT UNS, ndipo watu wanapochanganya. La jeshi la anga lina tai anayeruka, bila maneno. Sasa hesabu miaka: Mahiwa, huko Lindi, walipigana Oktoba 1917, na Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, akasalimisha silaha Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, 25 Novemba 1918. Swastika ingefikaje kwenye handaki la Mahiwa? Tumelirudia hili mno: bizimu hilo halikuangushwa na askari wa vita ile, na hakuna bizimu la aina yoyote linaloonyesha dhahabu ilipofukiwa.

Hata lile la kijivu lisikubaliwe haraka. Wakati wa vita ile pwani yetu ilikuwa imezingirwa na Waingereza; meli za shehena zilizopenya ni mbili tu, Rubens mwaka 1915 na Marie, iliyofika Sudi Machi 1916. L59, chombo cha anga cha Kijerumani mfano wa puto kubwa kilicholeta vifaa, kiligeuzwa kikiwa juu ya Sudan, Novemba 1917, hakikufika. Kwa hiyo vifaa vipya vilikuwa haba.

Kisha geuza nyuma. Bizimu halisi la kipande kimoja lilipigwa kwa mashine kutoka bati, hivyo picha ya mbele huonekana nyuma kama mbonyeo. La kumiminwa lina vitundu vya mapovu na herufi butu. Jina la kiwanda, kwa mfano Assmann wa Lüdenscheid, peke yake halithibitishi kitu. Waigaji nao wanaligonga.

Ukitaka tulitazame, usilisugue kwa ndimu wala majivu. Piga picha mbele na nyuma, rula ikiwa kando. Andika kijiji, shamba, aliyeokota na tarehe. Njoo na kitambulisho. Fomu ya mapokezi hujazwa nakala mbili, na nakala yako uitunze, kwani bila hiyo kurudishiwa kitu huchukua muda. Bei hatutaji, tafadhali msituulize.

Kuchimbua mambo ya kale bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964, hata kama shamba ni lako. Walioko Ujerumani wajue kwamba kifungu cha 86a cha sheria ya jinai ya huko kinakataza kuonyesha swastika hadharani, isipokuwa kwa elimu, utafiti, sanaa na mengine ya namna hiyo. Adhabu ni faini au kifungo hadi miaka 3. Na ukikuta kitu kinachofanana na kombora, usikiguse. Ondoa watoto, kisha mwite polisi.