Kuridhika na Serikali Wakati wa Janga Siko Kuiamini

Mtafiti akiketi barazani hapa Lamu na kumuuliza mtu kama anaridhika na namna serikali inavyokabiliana na maradhi, jibu atakalopewa halitamwonyesha kama mtu huyo atakubali kupimwa kesho. Kuridhika hutazama lililokwisha kutendwa: sabuni imefika, mfereji wa kunawia mikono umewekwa gatini. Kuamini ni kumkabidhi mwingine mwili wako, maiti wako na riziki yako kabla hujajua atavifanyia nini.

Tofauti hiyo ilidhihirika baada ya mgonjwa wa kwanza wa Korona kutangazwa nchini Kenya tarehe 13 Machi 2020. Wavuvi niliozungumza nao walinawa bila kushurutishwa na mfereji wakausifu, lakini walikwepa kupimwa, kwa sababu mwanzoni waliotiwa karantini walitakiwa kujilipia gharama wenyewe, na mvuvi ambaye mashua yake haijatoka hana cha kulipa. Mwezi wa Mei serikali ilitangaza kuwa ingezibeba gharama za walio katika vituo vya umma; hata hivyo, habari ya kwanza ilikuwa imekwisha kuzunguka mitaa yote.

Kafyu nayo, iliyoanza tarehe 27 Machi 2020 na kuondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, haikuwa ngeni kwa Mlamu. Mwaka 2014, baada ya watu wenye silaha kuushambulia mji wa Mpeketoni, ulio katika kaunti yetu ya Lamu, kaunti hii ilikaa chini ya kafyu kwa miezi kadhaa, na wanaovua usiku hawajaisahau. Anayepima imani ya watu wa hapa bila kuuliza habari za mwaka ule anapima nusu tu.

Utafiti wa nchi na maeneo 177, uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2022, ulionyesha kuwa palipokuwa na imani kubwa kwa serikali, na vilevile baina ya watu wenyewe, maambukizi yalikuwa machache zaidi. Kwa maoni yangu, hiyo imani ya watu wao kwa wao ndiyo tuliyoitumia kidogo mno. Ndiyo maana naomba kila dodoso liwe na swali hili: ukisikia tangazo la afya, unamwendea nani kwanza kulithibitisha? Akitajwa imamu, mkunga au nahodha, basi huyo na apewe taarifa siku moja kabla ya tangazo, apate nafasi ya kuuliza maswali yake naye ajibiwe.