Hita plagi haitoi cheche

Wiki hii, katika gereji moja hapa Tabora, nimemsikia tena fundi akimweleza mwenye Land Cruiser ya dizeli kwamba gari lake linachelewa kuwaka asubuhi kwa sababu "plagi hazitoi cheche". Mwenye gari aliitikia na kuulizia bei. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche hata moja. Kinachozungumziwa hapo ni hita plagi, yaani kijiti cha chuma kinachopashwa moto kwa umeme wa betri ili kutia joto ndani ya silinda kabla injini haijawaka.

Maana yake ni hiyo tu; kinachotuponza ni jina. Neno plagi tumelipata kutoka Kiingereza, nacho kililichukua kwa Waholanzi, ambao kwao "plugge" ilikuwa kizibo cha tundu la pipa. Kwa asili yake, basi, neno hili halina habari ya moto, cheche wala umeme: linataja kitu kinachochomekwa kwenye tundu kikaliziba. Ndiyo maana plagi ya pasi ni plagi, na hata ile nati ya kuzibia tundu la kumwagia oili chini ya injini mafundi huiita plagi. Lakini kwa kuwa wengi wetu tuliijua kwanza plagi ya pikipiki, cheche imeng'ang'ania neno zima, na tukifupisha "hita plagi" tunaliacha neno linalobeba maana na kubaki na kizibo. Mafundi wanaosema "hita" peke yake wamefupisha upande ulio sahihi.

Tofauti hii ndiyo roho ya injini yenyewe. Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani aliyepata hataza yake mwaka 1893, alikusudia injini ambayo mafuta yake yangewaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Katika injini ya petroli cheche haina budi kuruka kila mara mafuta yanapotakiwa kuwaka, na ikikosekana silinda hiyo haifanyi kazi. Katika dizeli hewa hubanwa mara 15 hadi 20 na zaidi, joto lake hupita nyuzi 500, na mafuta yanayopulizwa na nozeli huwaka yenyewe. Chuma kikiwa cha baridi hunyonya joto hilo, na hapo ndipo hita plagi, ambayo ncha yake hufika nyuzi 800 au zaidi, husaidia kwa sekunde chache. Injini ikishapata moto haiihitaji tena.

Kwa hiyo hita zikifa, dalili huonekana asubuhi: stata inazunguka muda mrefu, moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi unatoka, injini inatetemeka kisha inatulia, na mchana gari linawaka bila shida. Gari lililolala Kasulu, kwenye miinuko, hulalamika mapema kuliko lililolala Kigoma Mjini kando ya ziwa. Gari linalokosa nguvu likipanda mlima lina tatizo jingine, na ni vyema kuanza na filta ya dizeli.

Nilimwomba fundi yule azifungue, injini ikiwa na uvuguvugu ili zisikatikie ndani. Zilitoka sita, kila moja na ncha nyembamba iliyofunikwa masizi, isiyo na pengo lolote la kurushia cheche. Tulizipima kwa mita: nne zilisoma chini ya omu 2 (kipimo cha ukinzani wa umeme), yaani zilikuwa nzima, mbili hazikusoma kitu, maana waya wake wa ndani ulikuwa umekatika. Aliigeuzageuza moja ya zile mbili akiitafuta sehemu ya cheche, kisha akanyamaza kidogo.

Ni fundi mzuri, na mikono yake inaijua kazi kuliko yangu. Nilichomwomba ni kwamba mteja mwingine akija na dizeli inayosumbua asubuhi, amwambie "hita mbili hazipati moto", na dukani ataje injini ya gari kisha aombe hita plagi kwa jina lake kamili.